Soda na Nauli

Saa nane usiku, mwezi wa saba, mtu aligonga dirisha la chumba cha mama mdogo. Hakugonga mlango. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba wanaokuja usiku hugonga dirisha, kwa sababu mlango unaonekana kutoka barabarani na dirisha halionekani. Mlalo mwezi wa saba ni baridi ya kuuma mifupa. Ukungu ulikuwa umejaa bonde zima, nami nilikuwa chini ya mablanketi mawili, nimekuja likizo, sina habari na dunia. Nikasikia sauti ya mtoto: "Bibi, baba ana panga."

Mama mdogo alivaa koti la marehemu mumewe, akajifunga kitenge juu yake, akachukua simu yake ya kitochi. Alimpigia mwenyekiti wa kitongoji mara tatu, simu haikupokelewa. Hakusubiri mara ya nne. Aliniambia nibaki, nami sikubaki. Mtoto akatangulia, kwa kuwa njia aliijua vizuri kuliko sisi sote.

Ndani ya ile nyumba mwanamke alikuwa analia na mwanamume anatukana. Mama mdogo alisimama hatua chache kutoka mlangoni, pembeni. Sikujua kwa nini pembeni. Kesho yake alinieleza kwamba ukisimama mbele ya mlango, mtu akitoka na hasira zake wewe ndiye wa kwanza kukutana naye. Akabisha hodi kwa sauti ya mchana, akamsalimu yule mwanamume kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama watu waliokutana sokoni. Kisha akauliza: "Ule mtamba wako umeshazaa?"

Kimya. Halafu kutoka ndani: "Bado."

"Haa! Si uliniambia mwezi wa sita?"

Walizungumza habari za ng'ombe kwa muda wa karibu nusu saa, nimeutazama kwenye simu yangu. Bei ya pumba. Dume la nani. Mwaka ule ndama alipokufa tumboni. Sauti ya mwanamume ilikuwa inashuka kidogo kidogo, mpaka nikaweza kusikia maji ya mto kule chini. Ndipo mama mdogo akasema, "Basi nifungulie nimchukue huyu mkwe wangu akanisaidie kuchemsha maji. Mimi nimeshazeeka, mwanangu, baridi hii siiwezi." Mlango ukafunguliwa. Panga lilikuwa limelazwa mezani. Mkono wa mwanamke ulikuwa umefungwa kwa kipande cha shuka, na shuka limelowa.

Sijasimulia haya ili mumsifu mama mdogo. Kusifiwa amesifiwa vya kutosha. Ana vyeti viwili vya karatasi ngumu, kimoja kimeandikwa jina lake kwa makosa, na katika hotuba zote za siku zote huitwa shujaa wa jamii. Ninasimulia kwa sababu asubuhi ile, alipokuwa anakoroga uji wa wageni wake wawili, mwiko ulikuwa unagonga pembe za sufuria. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia akae nimsaidie. Akasema hapana, itaacha yenyewe, huwa inaacha mchana.

Huwa. Neno hilo ndilo lililonikaa.

Mama mdogo ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji. Kamati hizi zilikuja na Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule wa 2017/18 hadi 2021/22, ambao wote tunauita MTAKUWWA, na mpango wa pili ulizinduliwa 2024. Kwenye karatasi ni mpango mzuri, na siandiki haya kuubeza. Kamati zinaanzia taifa, zinashuka mkoa, wilaya, kata, hadi kijiji. Kuna mtendaji, kuna mwalimu, kuna viongozi wa dini, kuna watoto wenyewe. Lakini chukua ngazi hiyo uishuke taratibu. Huku juu kamati ni kikao ndani ya saa za kazi, na wanaokaa wana mishahara, gari na dereva. Kila ngazi unayoshuka mshahara unapungua na damu inaongezeka. Ukifika chini kabisa, penye panga lenyewe, mshahara umekwisha. Amebaki mwanamke wa miaka 58 anayelima kabichi na maharage, na anaitwa wa kujitolea.

Nina ugomvi na neno hilo. Kujitolea ni tendo la mtu mwenye hiari. Mwanafunzi aliyemaliza chuo akaenda miezi mitatu kufundisha bure, kisha akarudi kwao, huyo amejitolea. Anayegongewa dirisha saa nane usiku hana hiari yoyote, maana asipotoka na mwanamke akafa, ni yeye atakayeulizwa na kijiji kizima, na atajiuliza mwenyewe mpaka kaburini. Kazi isiyokuwa na siku ya kupumzika, isiyo na mwisho wa zamu, ambayo huwezi kuikataa wala kulipwa, ina majina mengine katika historia ya pwani na milima yetu, na mojawapo silitaji hapa kwa heshima ya waliolibeba kweli.

Kuna watakaoniambia kuwa haya ni maneno ya mjini, kwamba kusuluhisha ni utamaduni wetu, na wazee wetu walisuluhisha bila kudai senti. Hoja hii nimeisikia kwenye vikao, nimeisikia kwa wazungu na kwa Waafrika, na kila mara huletwa na mtu ambaye posho yake imeshasainiwa. Ni uongo. Tuuangalie vizuri, kwa kuwa ndio unaoshikilia jengo zima.

Wasambaa wana misemo miwili kuhusu utawala: kubana shi, kuidhuru nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Steven Feierman aliijengea kitabu kizima, *Peasant Intellectuals*, kilichotoka 1990, na wazee wa Mlalo hawakuhitaji kitabu ili kuijua. Watu wakigombana bila msuluhishi, mvua zikikatika, njaa ikiingia, nchi imedhurika. Mtawala mwenye nguvu akizima ugomvi, nchi inapona. Sasa jiulize, Wakilindi waliiponya nchi hii bure? Walipokea ng'ombe na mbuzi, walilimiwa mashamba. Hata chini ya enzi yao, kesi ya wazee ilikuwa na faini, na faini ilikuwa na miguu minne, na nyama yake haikulala. Mponyaji wa nchi alikula. Hakuna zama ambapo mtu alitoka kwake usiku kuzuia damu ya jirani, akarudi na njaa, kisha akaambiwa huo ndio utamaduni. Hili la njaa tumelibuni sisi, tena juzi.

Mlalo inaijua vizuri pia kazi ya bure kwa jina la faida ya wote. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa mpango wa kuokoa ardhi isimomonyoke. Watu wakaamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, kila kaya, mwaka baada ya mwaka, kwa jembe la mkono. Wataalamu walikuwa na hoja, udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli. Lakini kazi ilikuwa ya mwingine na maarifa ya mwingine, na sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia wanawake, ambao ndio waliokuwa wanalima. Watu wa milima walikataa, na kabla ya uhuru mpango ule ulikuwa umekufa. Siseme kwamba kamati za leo ni matuta ya Mwingereza. Nasema tu kwamba nia njema haikutosha kuyafanya matuta yawe haki, na mgongo uliouma haukuponyeka kwa kuambiwa udongo umebaki.

Turudi kwa mama mdogo, maana nikiingia kwenye historia sitoki.

Tangu usiku ule wa panga, yule mwanamume amemwambia mara mbili, bila kupaza sauti, "tutakutana shambani." Njia fupi ya kwenda shambani kwake inapita nyuma ya nyumba ya mtu huyo. Sasa anazunguka, na mzunguko unamla saa nzima, kwenda na kurudi. Mwezi wa nane aliamka akakuta mistari miwili ya kabichi imeng'olewa na kupangwa vizuri kando ya shamba, kama mtu aliyekuwa anavuna. Aliripoti. Akaulizwa kama ana shahidi. Kwa baadhi ya wanawake wenzake amekuwa mvunja ndoa. Mmoja aliacha kumwachia mjukuu wake, eti asije akajifunza kusema sema mambo ya nyumbani. Presha yake imepanda, na alipoulizwa na nesi kama ana mawazo, akasema hana, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mawazo yenyewe ni ya watu wengine. Siri za nyumba kumi na saba amezihesabu mwenyewe, yuko nazo kifuani, na hana hata mtu mmoja wa kumwambia. Akimwambia jirani, amevunja siri. Akimwambia mchungaji, mojawapo ya zile nyumba ni ya mzee wa kanisa.

Milima hii hii ya Usambara, ukivuka matuta kadhaa hadi upande wa Korogwe, ina Lutindi. Wamisionari Wajerumani walipaanzisha mwishoni mwa karne ya 19 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani, na baada ya miaka michache pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Kwa hiyo hatuwezi kusingizia kwamba huku kwetu habari za akili kuumia ni mambo mapya ya kwenye simu. Zaidi ya miaka mia moja tumejua kwamba mtu akibeba kupita kiasi huvunjika, na kwamba kuvunjika kunahitaji mahali pa kupelekwa. Tulichoshindwa ni kumwona anayebeba kabla hajavunjika.

Wengine wameliona, japo kwa shida. Mwaka 2000, huko Chicago, daktari mmoja wa magonjwa ya kuambukiza, Gary Slutkin, alianzisha mpango wa kuzuia risasi mitaani kama unavyozuia kipindupindu: unamtafuta mtu wa mtaa ule ule, anayeaminika, unampeleka kuzima ugomvi kabla haujaua. Wazo la kumtumia mwenyeji hakuliokota Marekani. Alikuwa amefanya kazi Somalia na Uganda, akaona kwamba habari za maradhi husikilizwa zikitoka mdomoni mwa mtu wa kwao. Maarifa yalitoka huku. Yalipofika kule yakawa ajira yenye mshahara na msimamizi. Na bado wale wafanyakazi wanalalamika, wana haki ya kulalamika: mshahara mdogo, mikataba inayoisha mfadhili akichoka, wamewazika vijana waliokuwa wakiwahudumia, na usiku hawalali. Kama wanaolipwa wanavunjika, nieleze asiyelipwa anategemea nini.

Najua jibu: bajeti. Ninalichukua kwa uzito, nchi yetu si tajiri. Lakini tazama wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa miaka mingi nao waliambiwa wanajitolea. Januari 2024 serikali ikazindua mpango wa kuwapata na kuwaandaa 137,294 ndani ya miaka mitano, na kuwalipa posho kukawa sehemu ya mazungumzo. Kenya mwaka 2023 wakaanza kuwapa wahudumu wao 100,000 hivi posho ya kila mwezi. Haitoshi, ila ni kukubali kwamba anayepima homa ya mtoto anafanya kazi. Anayezuia mama wa mtoto huyo asichinjwe, tunasema anajitolea. Tofauti ni nini? Malaria tunaihesabu. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wameshapigwa tangu wafike miaka 15, na hilo nalo tulilihesabu. Tulichokuwa hatujahesabu ni mapigo ambayo hayakutokea kwa sababu mtu alisimama pembeni ya mlango akauliza habari za ng'ombe.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa vikao hawapendi lisemwe. Mtu asiyelipwa na anayewajibika ana bei. Mtoto akibakwa, ndugu wa mbakaji huja jioni na bahasha na maneno laini, "tuyamalize nyumbani." Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, na hilo si jambo la kumalizwa nyumbani na yeyote. Mama mdogo aliletewa shilingi 50,000, akazirudisha mbele ya mashahidi, na kesi ikafika mahakamani. Mjumbe mwingine, si wa kijiji chake, alipokea. Simtetei. Mtoto yule alisalitiwa na mtu aliyepewa dhamana ya kumlinda, na hakuna umaskini unaofuta hilo. Ila nakataa tukae kwenye hoteli, tumlaani, huku sisi ndio tuliompa ulinzi wa watoto wote wa kijiji tukamwachia mfuko mtupu.

Nimesema "sisi" na sijakosea. Mwaka juzi nilipata kazi ya siku tatu kuandika kumbukumbu za semina Lushoto. Mada ilikuwa hii hii. Nililipwa shilingi 80,000 kwa siku, chakula na malazi mbali. Wajumbe wa vijiji waliitwa siku ya pili, watoe uzoefu wao. Walitoa. Mmoja alilia mbele ya watu, mwezeshaji akasema tumpigie makofi. Nami nikaandika: *washiriki walionesha ari kubwa*. Saa tisa walipewa soda na nauli, 10,000 kila mmoja, nami ndiye niliyepitisha karatasi ya kusaini. Mama mdogo alikuwa mstari wa tatu. Alisaini polepole, mwandiko wa shule ya msingi ya zamani, akaninong'oneza kama na mimi nimepata soda.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, uliyesoma ustawi wa jamii au sosholojia au sheria, uliyekaa na kompyuta mapajani unaandika andiko la mradi: hapo penye "ushirikishwaji wa jamii" weka tarakimu. Posho ya kila mwezi, si ya kila semina. Pesa ya bodaboda na vocha itangulie, isidaiwe kwa risiti ambayo dereva wa bodaboda hana. Usiku watoke wawili, na wa pili naye alipwe. Bima ya afya. Akikatwa panga, alipwe fidia: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamtazama mwajiriwa, na yeye si mwajiriwa wa yeyote, ingawa mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unapowataja wa kulindwa dhidi ya ukatili kazini unawataja hata wanaojitolea. Na kila mwezi aje mtu aliyesomea, anayeweza kutunza siri, akae nao wazungumze bila karatasi ya mahudhurio. Kama fedha hazitoshi kwa vijiji ishirini, fanyeni vijiji sita. Mfadhili akikuambia kwamba kulipa watu kutaua moyo wa kujitolea, mwulize, kwa adabu, yeye moyo wake analipwa kiasi gani.

Desemba nilirudi Mlalo. Jioni moja nilichukua daftari nikamwomba mama mdogo tuandike alichotumia mwaka ule kwa ajili ya kazi ya kamati. Alicheka, akasema hakuna kitu. Tukaanza. Bodaboda za kuwapeleka watu kituo cha afya, mara kumi na moja, 33,000. Nauli ya Lushoto kwenda mahakamani yeye na shahidi, safari tano, 80,000. Vocha, 2,000 kwa wiki. Hapo akanyamaza, kwa sababu zilifika 104,000. Unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa kwa waliolala kwake, tulikadiria 95,000, nadhani tulipunja. Kitenge cha yule mwanamke wa usiku wa panga, aliyetoka na nguo ya kulalia iliyojaa damu, 15,000.

Nikajumlisha: 327,000. Chini yake nikaandika alichopokea. Semina mbili, 20,000.

Alivaa miwani, akaisoma hesabu ile kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akairudia.

"Kile kitenge kifute," akasema. "Kile nilimpa mwenyewe."